Panzi wa Zimwi

Sogeeni karibu na moto, wanangu, mniazime masikio, ngano imefika.

Alikuwepo binti mmoja, Mbeyu, aliyependa wadudu kuliko michezo yote. Siku moja aliingia msituni kutazama vipepeo, na mdogo wake Kadzo akamfuata nyuma. Zimwi likamwona Kadzo, likampulizia moshi, akageuka panzi.

Mbeyu aliposikia yowe la mdogo wake akakimbilia huko, akalikuta zimwi limekaa, mafuta yanachemka kikaangoni. Mkononi limeshika jani, na juu ya jani wako panzi watatu.

"Babu, nirudishie mdogo wangu!"

"Mmoja wa panzi hawa ndiye yeye. Mchague," zimwi likacheka. "Ukikosea, nawakaanga wote, na wewe pia."

Mbeyu akawapa majani mabichi. Wote wakala. Akaimba wimbo wa kumlaza Kadzo. Wote wakatulia.

"Haya, binti, nina njaa!"

Mbeyu alijua kwamba panzi akipitiwa na kivuli cha mkono, huruka. Akanyoosha mkono juu yao. Wawili wakaruka, wakapotea nyasini. Wa tatu akakifuata kile kivuli taratibu, akampanda kidoleni.

"Ni huyu!"

Papo hapo mkono ukawa mzito. Kadzo alikuwa mtu tena, amening'inia mkononi, analia. Zimwi likaruka kuwakamata, likajikwaa kwenye kikaango, mafuta yakaliunguza miguu.

Wakakimbia. Hata walipofika kwa mama yao, hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake mkono.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye pumzi naye atusimulie yake.