Mhina, Mlinzi wa Mabua

Hadithi yangu inapiga hodi!
— Ifungulie, iingie!
Imetoka mbali, imechoka!
— Ipe kigoda, ikae!

Watoto wamekwenda kucheza? Wamekwenda. Basi nitasema waziwazi, maana hadithi hii ni ya watu wazima. Wanaume wasogee karibu. Wanawake wasicheke kwanza.

Palikuwa na mkulima mmoja aliyeitwa Mhina, na mkewe aliitwa Mwantumu. Walioana wangali vijana. Wakazaa, wakaozesha, wakapata wajukuu. Tangu siku ya harusi walilala kitanda kimoja, na waliyokuwa wakiongea humo si yangu kuyasema.

Ukaja mwaka, mwili wa Mhina ukamgomea. Mnanielewa? Mnanielewa. Alimgeukia mkewe, mwili ukakataa. Siku nyingine akajaribu, mwili ukakataa. Siku nyingine tena, mwili ukakataa. Mwantumu alimpapasa mgongo, akalala. Lakini mkono ule wa huruma ulimchoma Mhina kuliko tusi.

Kulipokucha akasema, "Mama Salehe, nguruwe mwitu wameingia shambani. Nitakuwa nikilala dunguni."

"Nguruwe? Mbona sijaona nyayo?"

"Wameanza juzi."

Dungu mnalijua: kichanja cha miti katikati ya shamba, mtu anapanda juu na kupiga debe ili wanyama wakimbie. Mhina akahamia huko. Mahindi yakabeba, Mhina yuko dunguni. Mahindi yakakauka, Mhina yuko dunguni. Mahindi yakavunwa, yakaingizwa ghalani, na Mhina bado yuko dunguni, anapiga debe!

Kijiji kizima kikacheka. "Jamani, Mhina analinda mabua!"

Mwantumu hakucheka. Alijiambia, hapa pana mwanamke. Siku moja alfajiri akachukua uji, akanyata mpaka shambani ili awafumanie. Alimkuta mumewe peke yake, amejikunyata chini ya gunia kama mgonjwa, mtungi wa maji kando yake ukiwa mtupu. Chini ya dungu, pale alipozoea kwenda haja ndogo, sisimizi walikuwa wamejaa kama pamemwagwa asali. Mwantumu akauacha uji, akarudi nyumbani bila kumwamsha, amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Sasa, katika siku hizo alipita mwuza dawa mmoja, Ngwilizi, ndevu zimepakwa hina, mkoba wa ngozi begani. Akapiga kelele njiani, "Ninayo dawa ya wazee! Mzee wa leo, kijana wa kesho!" Mhina akateremka dunguni mbio.

Mara ya kwanza Ngwilizi akampa mzizi mchungu, akachukua jogoo. Mhina akautafuna, akashinda vichakani akiharisha.

Mara ya pili akampa unga mwekundu, akachukua beberu. Mhina akaunywa, moyo ukamdunda kama mchi kinuni, macho yakaingia giza, akaanguka kutoka kwenye ngazi ya dungu na kuchubuka uso.

Mara ya tatu Ngwilizi hakutoa dawa. Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Ndugu yangu, dawa zangu hazijawahi kushindwa. Mkeo ndiye amekufunga. Mwache, oa mke kijana. Nami nitakuja kuchukua ng'ombe mmoja, nikifungue hicho kifungo."

Na ng'ombe pale nyumbani alikuwa mmoja tu, naye ni wa Mwantumu, alipewa na baba yake.

Mhina akaenda nyumbani na maneno hayo kinywani. Akamkuta mkewe uani anapepeta mchele.

"Mama Salehe, nimekuja kukuacha."

Ungo ukasimama. "Kwa kosa gani?"

Mhina akaangalia miguu yake.

"Kwa kosa gani, baba Salehe? Kaka zangu wataniuliza. Nitawajibu nini?"

Mhina akafungua kinywa aseme, umeniroga. Akamtazama yule mwanamke, pumba zimemjaa kwenye nyusi, anangoja kuambiwa kosa lake kama mtu aliye tayari kuomba radhi. Akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Kosa huna. Ni mimi. Mwili wangu umekufa, mama Salehe. Naogopa kile kitanda. Naogopa kukugusa, usije ukangoja kitu ambacho sina."

Mwantumu akaweka ungo chini. "Kumbe ni hilo?"

"Unasema hilo, kama jambo dogo!"

"Si dogo. Lakini mimi muda wote huu namtafuta mwanamke wako! Kila nikienda kisimani nawatazama wenzangu mmoja mmoja, ni huyu, au yule? Mke wa mdogo wako nimemnunia tangu mavuno, maskini, hajui hata amenikosea nini." Akacheka, machozi yanamtoka. "Ungeniambia, tungelia pamoja, yakaisha."

Kisha akamshika kidevu. "Huu uso umeumizwa na nini?"

Mhina akamweleza yote, mzizi, unga na kifungo. Mwantumu akasikiliza, naye akamweleza alichokiona chini ya dungu. "Sisimizi wale hawafuati uchawi, wanafuata utamu. Unakunywa maji kama ng'ombe na bado una kiu. Wewe unaumwa. Vaa viatu twende."

Wakaenda kijiji cha pili kwa tabibu Shekiondo, mtu mkavu asiyependa maneno mengi. Walimkuta akipura maharage, naye hakuacha kupura.

"Unakunywa nini?"

"Tembo. Na maji ya miwa."

"Unavuta?"

"Tumbaku, tangu ujana."

"Unalala?"

Mhina akainamisha kichwa. "Silali. Nawaza."

Mwantumu akamweleza habari za dungu, za sisimizi na za ule unga mwekundu. Tabibu akaweka fimbo chini, akamtazama miguu, akamtazama macho, akashika mshipa wa mkono.

"Damu yako ina sukari, na mishipa imechoka kwa moshi. Damu haifiki inakotakiwa kufika. Sasa wewe unailaumu nyumba ya mwisho, na bomba limeziba njiani. Na ule unga mwekundu, ungeurudia, mkeo angekuwa edani sasa hivi."

"Basi nipe dawa."

"Acha tembo. Acha miwa. Acha tumbaku. Ugali kiganja kimoja, mboga za majani mpaka ushibe. Uje hapa kwa miguu mara kwa mara, nikutazame. Na ulale nyumbani kwako."

"Na lile la kitandani?"

"Ujana sina pa kuutoa," tabibu akasema. "Nguvu zitarudi, pengine zote, pengine nusu, na zitakuja polepole, si kama zamani. Usizikimbize. Zungumza na mkeo. Mwanamume aliyejificha juu ya miti siwezi kumtibu."

Basi wakarudi. Tumbaku ilimtesa Mhina vibaya, akawa mkali kama nyuki. Mwantumu akamvumilia, siku nyingine hakumvumilia, wakagombana mpaka majirani wakasikia. Lakini walilala kitanda kimoja. Kiu ikapungua. Pumzi ikarudi. Na siku moja alfajiri, jogoo hajawika... mnataka niseme? Sisemi. Siku nyingine mwili ulikataa tena, wakaongea habari za wajukuu mpaka kukapambazuka, na hakuna aliyekimbilia dunguni.

Ndipo Ngwilizi akaja kumchukua ng'ombe. Mhina akajificha nyuma ya mlango na mpini wa jembe. Mwantumu akatoka, mpole kama maziwa.

"Karibu, mganga. Ng'ombe yule pale. Ila nataka nione ule unga mwekundu unavyofanya kazi. Kunywa kidogo mbele yangu."

"Mimi sina haja nao, mama."

"Kijiko kimoja tu."

"Nimefunga."

"Umefunga, na ndevu zina makombo ya muhogo? Basi ulambe tu."

Ngwilizi akarudi nyuma, jasho linamtoka. "Mama, usinilazimishe. Unga ule nilikwisha kuunywa. Ulinilaza siku nzima kama maiti."

"Uliunywa wa nini?"

Akatazama chini. Sauti ya sokoni ikamwisha. "Kwa shida ileile ya mumeo. Nyumbani kwangu sijalala miaka. Mke wangu anadhani nafanya biashara."

Mhina akatoka nyuma ya mlango na mpini wake. Akamtazama yule mtu, ndevu nyekundu, mabega yameanguka. Akauegemeza mpini ukutani.

"Jogoo wangu yuko wapi?"

"Nimemla."

"Na beberu?"

"Naye pia."

"Basi una nguvu za kutembea. Twende kwa Shekiondo."

Tabibu aliutupa ule mkoba motoni, akamtukana Ngwilizi tusi moja refu, kisha akamuuliza: Unakunywa nini? Unavuta? Unalala?

Habari zikaenea. Wanaume wakamcheka Mhina, wakicheka kwa makundi. Lakini baadaye wakaanza kumfuata mmoja mmoja, kila mtu akiangalia huku na huku. "Mhina, nina rafiki yangu ana tatizo." "Mhina, nina jamaa yangu, si mimi." Naye Mhina hakuuliza jina la rafiki. Alionyesha njia tu, na njia ya kwa tabibu ikapanuka, kwa miguu ya watu wanaowaulizia rafiki zao.

Na wewe uliyecheka kuliko wote hapa, rafiki yako hajambo?

Maneno yangu yamekwisha, yaliyobaki mkaulizane nyumbani.
— Tumesikia, tunakwenda kuulizana!