Lita za Wiki ya Kwanza

Wapendwa, kulikuwa na karani mmoja wa ushirika wa maziwa. Huko kwao mtu hupewa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa; ng'ombe huyo akizaa ndama jike, mwenyewe anamkabidhi jirani ndama huyo. Ila maziwa yasipoongezeka, ng'ombe anahamishiwa kwa mwingine.

Karani akaiuliza kompyuta kwa ile lugha yao ya SQL: ng'ombe wa mama fulani mjane alianza na lita ngapi, na mwisho ametoa ngapi? Jibu likaja kwa mistari, kila wiki na mstari wake; yeye akasoma ule wa juu tu. Nne, na nne. Akashika kamba, huyo kwa mama.

"Mama, ng'ombe wako hajaongeza hata kikombe. Nimekuja kumchukua."

Mama akatua ndoo. "Wiki ya kwanza alikuwa na homa, mwanangu. Leo nimekamua kumi na moja."

"Kompyuta haina upendeleo, mama."

"Haya. Basi iulize na habari za ng'ombe wako mwenyewe."

Karani akacheka. Jeuri ya msomi hiyo, naijua, hata mimi ninayo! Akafungua kompyuta palepale zizini. Tisa, na tisa. Na asubuhi ile amekamua kumi na nne kwa mikono yake!

Alikosea wapi? Hesabu ya namna ile hutazama kwa dirisha. Usipoiambia dirisha liishe wapi, linaanzia mstari wa kwanza na kukomea pale hesabu iliposimama. Sasa ikisimama mstari wa kwanza, itaona nini mbele? Hakuna! Lita za kwanza ndizo zinakuwa za mwisho. Karani akaandika fremu, yaani mipaka ya lile dirisha, sawasawa: tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho kabisa. Nne, na kumi na moja. Aibu ikamshika, akaondoka na kamba yake tupu.

Na sisi je? Tunamkuta mtu kwenye wiki yake ya homa, tunasema huyu ndivyo alivyo, tunafunga kitabu. Mungu hatazami hivyo, nawaambieni bila kusita. Yeye anaona hadi mstari wa mwisho.

Mimi mchungaji wenu, miaka mitatu iliyopita nilimwondoa baba mmoja kwenye kwaya kwa sababu ya pombe. Tangu siku hiyo sijamuuliza hata hali. Leo yuko pale, benchi la nyuma, amempakata mwanawe.

Ndugu yangu, nisamehe. Njoo mbele utuongoze wimbo.