Nishani ya Mama Kongoti

Wapendwa, kulikuwa na mwenyekiti wa kijiji aliyempenda sana mama mmoja, mtaalamu wa wanyamapori. Mama huyo alifika pale angali msichana, akaweka kiti chake chini ya migunga na kuanza kuwachunguza kongoti. Mnawajua kongoti? Wale ndege warefu wenye upara, wanaokula mizoga majalalani. Tuseme kweli, nani kati yetu angependa kongoti atue kwenye bati lake? Watu walimcheka mpaka wakachoka. Lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonyesha kwamba ndege hao wakipotea, mizoga huoza na maradhi huingia majumbani. Akailinda ile migunga, wakazaliana humo kwa wingi.

Nywele zake zilipokwisha kuwa nyeupe, serikali ikamkumbuka. Habari zikaja kwamba waziri mwenyewe atamvisha nishani, palepale chini ya migunga. Mwenyekiti alifurahi kupita kiasi. Akawaita watu, wakafyeka majani, wakapaka mawe chokaa, wakafunga maturubai. Kasheshe ikaanza walipopanga viti: kila kiti kikiwekwa, kongoti anakinyea. Mnacheka? Hebu mfikirieni waziri na suti yake. Mwenyekiti alifuta viti mpaka akakata tamaa. Kumwaibisha mama wa watu siku yake kubwa, hilo hakuweza. Akaagiza vijana wapande na fito ndefu, waangushe viota vyote.

Mama alipofika, pale mahali palikuwa panang'aa. Hakuangalia zulia wala maua. Alitazama juu mitini. Mwenyekiti akamsogelea akitabasamu.

"Mama, leo hata tone halitakudondokea."

"Vifaranga wako wapi, mwenyekiti?"

"Tumewafukia kule nyuma, mama. Palikuwa pachafu mno. Tumefanya kwa heshima yako."

Mama hakumgombeza, maana alijua mzee huyo anampenda. Alipanda jukwaani, akavishwa nishani, watu wakapiga makofi, na machozi yakamtiririka. Mwenyekiti akamgusa jirani yake akamwambia, "Unaona? Ni furaha hiyo."

Mnamlaumu? Msifanye haraka. Jumapili ijayo baba askofu anakuja kuweka wakfu madhabahu yetu mpya. Kwaya imeshona sare, mapambo yako tayari. Na jana kamati yetu imepeleka mgambo kuwaondoa wale kina mama wanaolala na watoto wao kwenye ngazi za kanisa, ili nyumba ya Bwana ipendeze. Bwana yupi, wapendwa? Si ndiye huyu aliyeketi mezani na watu wa namna hiyo, hata akasemwa vibaya kwa ajili yao? Tumemsafishia nyumba kwa kuwafukuza watoto wake, kisha tunasubiri atushukuru.

Nimesikia wameonekana stendi, wamelala kwenye maboksi, na mtoto mmoja ana homa. Ibada hii ikiisha sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Naenda kuwarudisha. Anayetaka kumheshimu Bwana leo, tuongozane.