Penye Pengo Palikuwa na Jino

Penye pengo palikuwa na jino. Mmeisikia methali hii asubuhi mkacheka, wanangu, mkadhani inamsengenya kibogoyo. Sivyo. Sogeeni niwaeleze ilikozaliwa.

Huko milimani Upare alifika kijana aitwaye Eliamani, mtaalamu wa takwimu. Alipewa kazi ya kuchambua majibu ya akina mama wa vijiji kadhaa: umri wao, mwendo wa kufika zahanati, watoto waliowazaa, watoto waliofariki. Kijiji ambacho kingeonekana kimefiwa zaidi ndicho kingepelekewa mkunga. Wasaidizi walipita nyumba kwa nyumba kuuliza, yeye akaketi na kompyuta.

Jedwali la majibu lilikuwa na safu nyingi, na karibu kila safu ilikuwa na vyumba vitupu, visivyoandikwa jibu. Kila alipotaka wastani, kompyuta ilikataa: kuna mapengo, haiwezi kuhesabu. Ripoti ilikuwa inangojwa, na Eliamani alikuwa na haraka. Hakumwuliza yeyote kwa nini vyumba vile viliachwa wazi. Aliandika amri moja fupi, kwamba popote palipo patupu, katika safu zote, paingie sifuri. Kufumba na kufumbua jedwali likajaa. Kompyuta ikatii. Akajiona fundi.

Siku ya kusomwa matokeo, watu wa kijiji kimoja walijaa katika darasa la shule ya msingi. Eliamani akasoma kwamba mwendo wao wa kwenda zahanati ni mfupi kuliko wa vijiji vyote. Watu wakaangua kicheko.

"Labda tunapaa!" akasema mmoja.

Eliamani naye akacheka, asijue anachekwa. Akaendelea: "Tena hongereni. Hapa karibu hakuna mama aliyefiwa na mtoto. Kwa hiyo mkunga atapelekwa kwingine."

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja, Nakijwa, akainuka kwenye dawati la nyuma.

"Mwanangu, mimi Nakijwa umeniandika nini?"

Eliamani akalitafuta jina lake. "Sifuri, mama. Hujafiwa."

"Nani kakwambia?"

"Ndivyo... ndivyo majibu yalivyo."

"Mimi sikujibu. Yule binti aliyepita nyumbani aliponiuliza, nilishindwa. Nililia, naye akaweka kalamu chini, akaniacha nilie. Hakuandika kitu. Sasa wewe ambaye hukuwepo, hiyo sifuri umeitoa wapi?"

Akina mama wengine wakaanza kusimama mmoja mmoja, hadi upande mzima wa darasa ukawa wima. Hao ndio waliokuwa vyumba vitupu. Uso wa Eliamani uliwaka moto. Aliona haya hata kuigusa ile kompyuta.

"Nimewakosea," alisema hatimaye. "Niliona patupu, nikajaza tu. Nisameheni. Mama, sasa niandike wangapi?"

Nakijwa akatikisa kichwa.

"Leo bado siwezi kutamka. Paache wazi. Lakini usiseme hapakuwa na kitu. Penye pengo palikuwa na jino."

Eliamani alirudi ofisini, akawaambia wakubwa wake kwamba ripoti ile ni ya uongo na uongo ni wake. Akalirudisha jedwali la awali, pamoja na mapengo yake, kisha akapanda mlima tena. Safari hii alikwenda mwenyewe, akiketi na akina mama jikoni mwao, kichwa chini. Aliyeweza kusema alisema. Asiyeweza, chumba chake kilibaki kitupu, na sababu ikaandikwa.

Mkunga alikuja, lakini alikuta masika imekwisha. Katika masika hiyo kijiji kilizika mtoto mchanga. Eliamani alikwenda mazikoni, akashika jembe pamoja na wengine. Hakuna aliyemlaumu, walimkaribisha, wakampa maji ya kunawa. Angetukanwa, pengine angepata nafuu.

Basi ndiyo hiyo, wanangu. Watu wa kule hadi leo, mtu akinyamaza na mwenzake akakimbilia kusema huyu hana neno, humshika huyo msemaji mkono wakamwambia taratibu: penye pengo palikuwa na jino.