Hodi ya Miaka Minne

Ndugu zangu, leo nina neno linaloniwasha tangu asubuhi, nivumilieni.

Palikuwa na mama mmoja, katika siku ambazo bado hazijafika. Binti yake aligombana naye, akaondoka bila kuaga, akapanda chombo kwenda kuishi kando ya nyota iliyo umbali wa miaka minne ya nuru. Safari ilichukua miaka mingi. Siku ambayo, kwa hesabu ya mama, binti alikuwa anafika, mama alipanda paani penye dishi lake akasema, "Hodi, mwanangu. Ni mama yako. Radhi zangu unazo. Nijibu."

Kimya. Mwaka ukapita, akapiga hodi ya pili. Kimya. Mwaka tena, ya tatu. Kimya mwaka mzima. Nanyi mnaijua desturi yetu: hodi tatu bila jibu, mgeni mstaarabu hugeuka akaenda zake. Mama akachukua spana akapanda kulifungua dishi, aezekee banda la kuku.

Fundi aliyemfungia dishi lile alikuwa anapita. "Shikamoo mama. Mbona unalishusha?"

"Marahaba. Nimepiga hodi tatu, baba. Hanitaki."

"Mama, wazee wakisema kijiji fulani ni mwendo wa siku mbili, wanataja siku au umbali?"

"Umbali."

"Basi na mwaka wa nuru ni hivyohivyo. Ni mwendo wa mwanga kwa mwaka mzima bila kupumzika, na sauti yako haiwezi kuupita mwanga. Miaka minne kwenda, minne kurudi. Hodi yako ya kwanza haijagusa mlango."

Mama alikaa palepale paani akalia. Kisha akakaza nati zote upya.

Baada ya mwaka mmoja dishi likasema, "Mama, nimefika leo. Niliondoka vibaya. Naomba radhi zako."

Mama akamkimbilia fundi. "Amenijibu!"

"Hajakujibu, mama. Maneno haya aliyatuma miaka minne iliyopita, siku ileile uliyopiga hodi ya kwanza. Hodi yako ndiyo kwanza anaisikia leo."

Mmeona? Mmoja anaomba radhi, mwingine amekwisha kuzitoa, na maneno yamepishana njiani.

Sisi je? Tunaomba Jumapili, Jumatano tumeshika spana. Wewe hapo nyuma unayetazama saa, ulimwomba Mungu mara ngapi ndipo ukasema hakutaki?

Na tusijidanganye kwamba katika mfano huu sisi ni yule mama. Sisi ni binti. Sisi ndio tulioondoka bila kuaga tukaenda mbali hivyo. Na siku binti alipofungua kinywa kusema nisamehe, msamaha ulikwisha kutoka nyumbani, unamjia. Nafurahi mpaka natetemeka nikisema hili.

Basi kama kuna aliyekuja hapa leo na spana mfukoni, naomba aiache mlangoni anapotoka.