Jibu la Siku Moja

Wapendwa, kulikuwa na dada mmoja, fundi wa kompyuta katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa chai. Kazi yake ilikuwa kuchunga barua pepe zinazotoka, zisiende pasipo na mtu. Aliipanga mashine yake hivi: kabla barua haijatoka, isome jina la mahali inapokwenda, lile linalofuata alama ya @, kisha iulize kwenye orodha kuu ya majina ya mtandao: mahali hapa papo? Pana wa kupokea barua? Jibu likiwa ndiyo, barua inakwenda. Likiwa hapana, inazuiliwa.

Ofisini humo alikuwamo mzee wa masjala, aliyekula chakula chake peke yake katikati ya makabati ya mafaili. Aligombana na kaka yake kwenye matanga ya mama yao, na katika ukoo walikuwa wamebaki wao wawili tu. Kila Jumatatu, saa ya chai, alimwandikia kumwomba radhi.

Wenzake walimtania. "Mzee, huyo mchumba wa kila Jumatatu anaitwa nani?"

"Mchumba angejibu," alisema, akarudi kwenye mafaili yake.

Siku moja alisimama mlangoni pa yule dada. "Binti yangu, hivi barua zangu zinatoka kweli?"

"Zinatoka, mzee wangu," alijibu bila kuinua macho.

"Basi kaka hanitaki tena."

Neno hilo likamnyima dada raha. Akafungua orodha ya barua zilizozuiliwa. Zilikuwamo thelathini na moja, zote za mzee, zote kwa sababu moja: mahali hapa hapapo. Akaiuliza upya orodha kuu. Jibu likaja mara moja: papo.

Mnajua ilikuwaje? Mwezi wa tatu, chuo anakofundisha yule kaka kilihamisha mitambo yake, na jina la chuo likatoweka kwenye orodha kuu kwa siku moja. Siku hiyohiyo mzee aliandika barua yake ya kwanza. Mashine ikaambiwa hapapo, ikalishika jibu. Dada aliipanga ikumbuke majibu, isiulize swali moja mara mia. Akasahau kuiwekea siku ya kuyafuta. Tena alikuwa amezima taarifa za kuwajulisha walioandika kwamba barua zao zimezuiliwa, asisumbue watu.

Akamfuata masjala. "Nisamehe, mzee wangu. Kaka yako hakukukataa. Hajapata hata moja."

Mzee aliliweka mezani faili alilolishika. Kisha akasema, "Kwa hiyo miezi yote hii, naye anadhani mimi ndiye niliyenyamaza."

Ndugu zangu, sisi tumemwuliza nani mara moja tu, siku aliyokuwa amevurugikiwa, tukalishika jibu lake mpaka leo? Wewe uliyemkuta dada yako amefunga mlango, una hakika hakuufungua kesho yake? Umerudi kuutazama? Huenda saa hii amekaa peke yake, anajiuliza alikukosea nini hata ukanyamaza.

Ukitoka hapa, kabla hujafika getini, uliza tena.