Zimwi Aliyejiita Zaidi

Mjomba Kapela alikuwa amerudi safari na kiti cha kukunja, na tangu mchana hakuacha kukisifu: "Kiti hiki, wanangu, kina akili." Jioni watoto walipomzunguka uani, akakikalia, akatanua kifua, akaita:

"Paukwa!"

Kiti kikajikunja, Mjomba akabaki ndani yake kama nyama ndani ya sambusa.

"Pakawa!" watoto wakaitika, hoi kwa kicheko.

"Chekeni tu. Nchi nyingi nimetembea, na kila nchi nimeangushwa na kitu chake. Nichomoeni niwasimulie."

Hapo kale palikuwa na nchi ya vilimani ambayo mfalme wake hakuuliza watu wamevuna magunia mangapi. Kila mwaka aliuliza: "Mmecheka?"

Aliyemvunja mbavu mfalme mwenyewe ni Nambili, mfinyanzi, kwani koo zao ni watani. Mtani akikutukana, unacheka. Akikunyang'anya kofia, unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako.

"Mfalme, kitambi hicho utajifungua lini?" Nambili humwuliza.

"Nakusubiri wewe uwe mkunga!"

Siku moja akaja mchuuzi, kajifunga skafu nzito shingoni hadi kisogoni na jua linawaka. Akajiita Bwana Zaidi. Alileta viatu vinavyometameta, vioo, na sufuria nyepesi kama jani.

"Fedha sitaki," akasema. "Nichekee kidogo tu, humu kibuyuni."

Ah, rahisi! Watu wakacheka kibuyuni, wakachukua viatu. Kesho yake akawaambia: "Hivyo vizuri, lakini vipo vizuri zaidi." Wakacheka tena, wakachukua vingine. Kesho kutwa: "Hivyo vizuri, lakini vipo vizuri zaidi."

Basi Siwema, binti pekee wa Nambili, akarudi nyumbani na jozi ya tatu. Mama yake akamtania: "Miguu hiyo ya bata unaipeleka harusi ya nani?"

Siwema akamtazama tu. Kicheko hakikuja.

Nambili akaingiwa na shaka. Akaanza kumchunguza mgeni. Mbona hali chakula nyumbani kwa mtu? Mbona kila akiketi anaegemea ukuta? Mbona akiaga anaondoka kinyumenyume?

"Huyu ana kitu," akasema moyoni. "Na kicheko cha mwanangu kitarudi."

Siku ya mfalme ikafika. Akasimama uwanjani: "Mmecheka?" Kimya. "Mmecheka?" Kimya. "Mmecheka?" Watu wakatazama viatu vyao.

Nambili akamwendea mchuuzi. "Bwana Zaidi, kwetu kuna kitu bado hujakipata. Utani."

"Utani ni bidhaa gani?"

"Ukiupokea, huurudishi."

"Nipe! Nipe zaidi!"

"Umepokea mbele ya watu?"

"Nimepokea!"

"Haya, mtani wangu. Sura hiyo kama chungu kilichopasukia tanuruni!" Mchuuzi akanuna. "Na hiyo skafu inaficha nini, jipu?" Mchuuzi akavimba. "Na kibuyu hiki, mtani, nakichukua!" Akakikwapua.

"Rudisha!" Mchuuzi akamrukia, skafu ikaanguka. Lo! Kisogoni kinywa cha pili, meno kama majembe, kinanguruma: "Zaidi! Zaidi! Zaidi!"

Kumbe zimwi!

Nambili, aliyebembeleza vyungu maisha yake yote visianguke, akaachia mikono. Kibuyu kikapasuka. Vicheko vikaruka kama kumbikumbi, kila kimoja kinamtafuta mwenyewe.

Siwema akashika mbavu. "Mama! Mtani wako ana meno kisogoni!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Zimwi hakujua ajibu kwa kinywa kipi. Akatimua mbio na hajarudi. Ila katika ile vurumai vicheko viwili vilipishana, na mfalme akabaki na cha kitoto, "kihihi, kihihi," hadi kufa kwake.

"Tuvichome vitu vyake?" mfalme akauliza.

"Sufuria ina kosa gani?" Nambili akamjibu. "Ila kigeni chochote kikija, tukitanie kwanza. Kikistahimili, kikae."

"Hadithi yangu imeishia hapo nilipoangukia," akasema Mjomba Kapela. "Kipya kikija, kipokeeni, lakini bei yake ikiwa kicheko chenu, mwachieni mwenye duka. Haya, nishikieni kiti changu nikae tena, safari hii..."

"Kaa chini, Mjomba," akasema Tunu, mpwa wake. "Ardhi haijikunji."